Siku 180 za Lilly Ledbetter

Mwishoni mwa mwaka 1997, kiwanda cha matairi cha Goodyear mjini Gadsden, jimbo la Alabama, kilikuwa na mameneja wa eneo 16. Wanaume 15, mwanamke mmoja. Mwanamke huyo, Lilly Ledbetter, alikuwa analipwa dola 3,727 kwa mwezi. Mwanamume aliyelipwa kidogo kuliko wenzake wote alipata dola 4,286, na wa juu kabisa 5,236. Kwa maneno mengine, ili Ledbetter amfikie yule wa mwisho kabisa upande wa wanaume, mshahara wake ulihitaji kupanda kwa asilimia 15. Kumfikia wa kwanza, asilimia 40.

Yeye hakujua. Alijua mwaka uliofuata, alipoingia zamu akakuta kikaratasi kwenye kisanduku chake cha barua, hakina jina la aliyekiandika, kina majina manne na mishahara minne: wa kwake na ya wanaume watatu wa cheo chake. Wakati huo alikuwa na miaka 19 kazini, na karibu miaka 60 ya umri. Hiyo ina maana kwamba hata pensheni yake, inayokokotolewa kutokana na mshahara, ilikuwa imeshaliwa.

Kesi iliyotokana na kikaratasi hicho, Ledbetter dhidi ya Goodyear, husimuliwa Marekani kama kisa cha ushindi, kwa sababu mwisho wake kuna sheria iliyobeba jina la mama huyu. Sikatai kwamba sheria ile ni kitu kikubwa. Lakini ukilipitia jalada tangu mwanzo unaona kwamba aliangushwa na mambo mawili yaliyoshikana: usiri wa mishahara na ukomo wa muda wa kulalamika. Bunge lilirekebisha la pili. La kwanza liliachwa karibu kama lilivyokuwa.

Kiwandani

Ledbetter alizaliwa mwaka 1938, akakulia kwenye umaskini wa vijijini Alabama, akaolewa, akazaa watoto wawili, na alipoajiriwa Goodyear mwaka 1979 alikuwa na miaka 40. Aliingia moja kwa moja kwenye usimamizi. Meneja wa eneo ndiye anayesimamia kikosi cha zamu: nani yuko kwenye mashine gani, uzalishaji umefikia wapi, nani hakuja. Mshahara wake wa kuanzia ulikuwa sawa na wa wanaume wa nafasi ileile. Hili ni la kulishika vizuri, maana ndilo lililokuja kuitatanisha kesi nzima. Hakuna siku ambayo mtu alikaa akaandika kwamba huyu alipwe kidogo kwa kuwa ni mwanamke.

Kilichotokea ni nyongeza. Kiwanda kilikuwa kinatoa nyongeza ya mwaka kwa kufuata tathmini ya utendaji, na tathmini iliandikwa na mkubwa wako. Mwaka 1982 Ledbetter alikuwa ameshalalamika kwenye Tume ya Fursa Sawa za Ajira, chombo cha serikali ya shirikisho kinachopokea malalamiko ya ubaguzi kazini, kuhusu bosi mmoja aliyemtaka kimapenzi na kumtishia tathmini mbaya akikataa. Alirudishiwa nafasi yake. Bosi yule naye aliendelea kuwepo kiwandani, na kwa ushahidi wa Ledbetter, katikati ya miaka ya 1990 alikuwa miongoni mwa waliomkagua, akaandika kasoro ambazo hazikuwepo.

Haba na haba hujaza kibaba, na kukimwaga ni vilevile. Chukua watu wawili walioanza na dola 2,000 kwa mwezi. Mmoja anapewa nyongeza ya asilimia 5 kila mwaka, mwingine asilimia 2. Mwaka wa kwanza wanaachana kwa dola 60, kiasi ambacho hakuna mwenye akili timamu atakayekwenda nacho kwa wakili. Baada ya miaka 15 mmoja yuko dola 4,158, mwenzake 2,692. Hii ni hesabu yangu ya mfano tu, si ya jalada, lakini ndivyo mshahara wa Ledbetter ulivyobaki nyuma: asilimia ya kitu kidogo huzaa kidogo zaidi mwaka unaofuata, hata kama bosi mpya hana kinyongo na mtu.

Goodyear walijitetea kwamba nyongeza zake zilikuwa ndogo kwa sababu utendaji wake ulikuwa hafifu. Utetezi huo ulikuwa na matobo. Mwaka 1996 kampuni yenyewe ilimpa tuzo ya utendaji bora. Aliyekuwa msimamizi wake alikiri mbele ya mahakama kwamba kuna mwaka mshahara wa Ledbetter ulishuka chini hata ya kima cha chini ambacho Goodyear yenyewe ilikiweka kwa cheo kile. Wanawake wawili waliowahi kuwa mameneja pale walitoa ushahidi kwamba nao walilipwa chini ya wanaume, mmoja wao chini ya wanaume aliokuwa anawasimamia. Na Ledbetter alieleza kwamba meneja wa kiwanda alimwambia wazi kuwa kiwanda hakihitaji wanawake, hawana msaada, wanaleta matatizo.

Kwa nini hakuuliza mapema? Kwa sababu mshahara ulikuwa siri. Alieleza miaka yote baadaye kwamba kuzungumzia mshahara na wenzako pale ilikuwa mwiko, jambo la kukupotezea kazi.

Sheria mbili, milango miwili

Marekani ilikuwa na sheria mbili ambazo angeweza kuzitumia, na zilizaliwa kwa namna tofauti mno.

Ya kwanza ni Sheria ya Malipo Sawa, iliyosainiwa na Rais Kennedy tarehe 10 Juni 1963. Ni sheria nyembamba: mwanamume na mwanamke, mahali pamoja, kazi ileile, malipo sawa. Uzuri wake ni kwamba mlalamikaji hahitaji kupitia Tume kwanza wala kuthibitisha nia ya kubagua. Ana miaka miwili ya kufungua kesi, mitatu kama mwajiri alifanya makusudi.

Ya pili ni Sura ya Saba ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, pana zaidi, inayogusa kuajiri, kufukuza, kupandisha cheo na malipo, kwa rangi, dini, asili ya taifa na jinsia. Neno jinsia liliingia dakika za mwisho. Tarehe 8 Februari 1964 Howard Smith, mbunge wa Virginia aliyekuwa mpinzani mkubwa wa haki za watu weusi, alisimama Baraza la Wawakilishi akapendekeza liongezwe. Ukumbi ukaangua kicheko. Wanahistoria wanabishana hadi leo kama Smith alitaka kuizamisha sheria nzima kwa mzaha au la. Martha Griffiths, mbunge wa Michigan, aliinuka akawaambia wenzake kwamba kama palihitajika ushahidi kuwa wanawake wanahesabiwa daraja la pili, kicheko chao kimetosha. Pendekezo likapita. Haki kubwa kabisa ya mwanamke wa Marekani kazini iliingia kwenye vitabu kwa mlango huo.

Lakini Sura ya Saba ina sharti. Lazima ulalamike Tume ndani ya siku 180 tangu kitendo cha ubaguzi kifanyike. Mahali penye chombo cha jimbo kinachoshughulikia ubaguzi ni siku 300, ila Alabama haikuwa nacho. Muda ni mfupi kwa makusudi: Bunge lilitaka migogoro ifike mapema, kumbukumbu zikiwa bado mbichi, ili Tume ipatanishe kabla ya kwenda mahakamani.

Ledbetter alijaza fomu ya maswali ya Tume Machi 1998, akawasilisha malalamiko rasmi Julai, akastaafu mapema Novemba, na kesi ikafunguliwa mwaka 1999 akitumia sheria zote mbili. Jaji wa wilaya akaitupa hoja ya Malipo Sawa kabla ya kesi kusikilizwa, akaacha ya Sura ya Saba iendelee. Kwenye rufaa, ile iliyotupwa haikufufuliwa.

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kila nikiirudia kesi hii. Mlango walioachana nao ndio ambao haukuwa na kizingiti cha siku 180. Mahakama ya Juu yenyewe ilikuja kusema hivyo: kwamba angeshikilia Sheria ya Malipo Sawa asingekutana na kikwazo kilichomwangusha. Ni rahisi kuwalaumu mawakili mtu ukiwa umekaa na mwisho wa hadithi mkononi. Walikuwa wameshinda kwa hoja nyingine mbele ya watu wa kawaida wa Alabama, na ukishinda kwa silaha moja huoni haraka ya kuitafuta nyingine.

Maana walishinda kweli. Mwaka 2003 juri, raia wa kawaida walioketi kuamua ukweli, waliona alibaguliwa, wakampa zaidi ya dola milioni 3. Jaji akazishusha hadi dola 360,000. Hakuwa na hiari: kwa marekebisho ya 1991, fidia ya maumivu na ya adhabu chini ya Sura ya Saba haivuki dola 300,000 hata kama mwajiri ana maelfu ya wafanyakazi, na malimbikizo ya mshahara hayarudi nyuma zaidi ya miaka miwili kabla ya malalamiko. Aliyebaguliwa kazini kwa rangi anaweza kutumia sheria ya mwaka 1866 ambayo haina kikomo hicho. Mwanamke, kwa jinsia yake, hana.

Saa inaanza kuhesabu lini?

Mahakama ya Rufaa huko Atlanta iliyafuta hata hayo 360,000 mwaka 2005, na tarehe 29 Mei 2007 Mahakama ya Juu ikaunga mkono kwa kura tano dhidi ya nne.

Swali lilikuwa moja: kitendo cha ubaguzi ni kipi? Ni uamuzi wa kumpa mtu nyongeza ndogo, au ni kila malipo yanayobeba uamuzi ule? Jaji Samuel Alito, akiwaandikia walio wengi, alisema ni uamuzi. Kila uamuzi una siku zake 180, zikipita umekufa, na hundi zinazofuata ni matokeo yake tu, si ubaguzi mpya. Maamuzi yaliyoangukia ndani ya siku 180 kabla ya Machi 1998 hayakuthibitika kuwa yalifanywa kwa nia ya kubagua. Yale ya zamani, yenye harufu ya ubaguzi, muda wake ulikuwa umekwisha. Kwa hiyo hakuna kesi.

Wengi huandika kana kwamba hoja hii ilikuwa ya kipuuzi. Haikuwa. Alito alikuwa na hukumu za nyuma za kuegemea, na alikuwa na jambo moja zito zaidi ya hukumu hizo: yule bosi anayedaiwa kuandika kasoro za uongo alikuwa ameshafariki kabla kesi haijasikilizwa. Mtu aliyetuhumiwa kwamba mwaka 1982 alitaka mwanamke kimapenzi na katikati ya miaka ya 1990 akalipiza kisasi hakuwepo kujibu. Ukomo wa muda upo kwa ajili ya hali kama hii. Mtu yeyote aliyewahi kushitakiwa kwa jambo la miaka 15 iliyopita atauelewa.

Udhaifu wa hoja uko kwingine. Ili saa iwe ya haki lazima anayehesabiwa awe anaisikia. Mtu akifukuzwa kazi anajua siku hiyohiyo. Akinyimwa cheo, anamwona aliyepewa. Nyongeza ya mshahara ni kitu tofauti: unaambiwa umepata asilimia kadhaa, unashukuru au unanuna, na huna namna ya kujua jirani yako kapata ngapi. Alito alitaka Ledbetter alalamike kila mwaka ndani ya miezi sita kuhusu tofauti asiyoijua, na kama angeijua mwaka wa kwanza ingekuwa ndogo kiasi kwamba asingeweza kuithibitisha. Akisubiri ikue mpaka ionekane, amechelewa. Mahakama haikuamua kabisa kama mtu asiyejua apewe nafuu ya muda. Suala hilo liliachwa kando.

Jaji Ruth Bader Ginsburg aliandika kwa niaba ya wanne walioshindwa, na akafanya jambo lisilo la kawaida: alisoma muhtasari wa upinzani wake kwa sauti pale mahakamani. Jaji mwenzake mwanamke, Sandra Day O'Connor, alikuwa ameshastaafu, hivyo Ginsburg alikuwa mwanamke pekee kati ya majaji tisa. Alisema wenzake hawaelewi, au hawajali, namna ubaguzi wa mishahara unavyojipenyeza polepole. Alirejea hukumu ya Bazemore ya 1986, ambapo Mahakama hiyohiyo ilikubali kwamba kila malipo ya wiki yanayompa mweusi chini ya mweupe wa kazi ileile ni kosa jipya. Walio wengi walijibu kwamba kesi ile ilihusu mfumo wa mishahara uliokuwa wa kibaguzi waziwazi.

Ginsburg hakuwa anazungumza kwa nadharia. Mwaka 1963, mwaka uleule wa Sheria ya Malipo Sawa, aliajiriwa kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Rutgers, akaambiwa atalipwa kidogo kwa sababu mumewe ana kazi nzuri. Yeye na walimu wengine wanawake walidai haki yao na hatimaye wakapandishiwa mishahara. Nadhani ndiyo sababu upinzani wake unasomeka kama wa mtu anayejua kwamba kwenye hesabu ya mshahara hakuna tusi linalosikika, kuna tarakimu tu. Alimalizia kwa kulitaka Bunge lifanye ambacho Mahakama imeshindwa.

Washington

Sehemu ya siasa ilikwenda upesi kuliko kawaida. Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada Julai 2007. Aprili 2008 ukakwama Seneti: kura 56 dhidi ya 42, wakati zilihitajika 60 ili mjadala ufungwe na muswada upigiwe kura. Waliopinga walihofia waajiri kushitakiwa kwa maamuzi ya miongo iliyopita. Agosti Ledbetter alihutubia mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Denver. Desemba mumewe, Charles, akafariki.

Januari 2009 Seneti ilipitisha kwa kura 61 dhidi ya 36. Maseneta wote wanne wanawake wa chama cha Republican walikuwa ndani ya hao 61. Tarehe 29 Januari, siku tisa baada ya kuapishwa, Barack Obama akausaini, na ukawa muswada wa kwanza kuwa sheria mkononi mwake.

Sheria yenyewe ni fupi. Inasema kosa la malipo ya kibaguzi hutokea uamuzi unapofanywa, mtu anapoanza kuguswa na uamuzi huo, na tena kila anapolipwa kwa kuufuata. Malimbikizo yalibaki miaka miwili. Ilirudishwa nyuma hadi 28 Mei 2007, siku moja kabla ya hukumu, kana kwamba hukumu haikuwahi kutolewa. Ila kwa Ledbetter hukumu ilikuwa imeshatolewa. Goodyear haikumlipa hata senti, na aliendelea kuishi kwa pensheni ileile iliyokokotolewa kwa mshahara uleule hadi alipofariki Oktoba 2024, akiwa na miaka 86.

Kilichobaki

Sheria ya 2009 inakulinda ukishajua. Haisemi lolote kuhusu utakavyojua.

Watu wengi wanashangaa kusikia kwamba tangu 1935 Marekani ina sheria ya mahusiano kazini inayowaruhusu wafanyakazi wa sekta binafsi kuzungumzia mishahara yao, na mwajiri kuwakataza ni kosa. Kwa nini basi haikumsaidia Ledbetter? Kwa sababu sheria ile inawatoa wasimamizi, na meneja wa eneo ni msimamizi. Cheo kilichompa mamlaka juu ya zamu nzima ndicho kilichomnyima haki ambayo mfanyakazi wa kuzungusha tairi chini yake alikuwa nayo. Katika maandiko mengi kuhusu kesi hii jambo hili halitajwi, na mimi naona ni mfupa wake.

Obama alijaribu kuziba pengo kwa agizo la rais la mwaka 2014, lililokataza kampuni zenye mikataba na serikali ya shirikisho kuwaadhibu wanaozungumzia mishahara. Agizo hilo lilijengwa juu ya agizo la Rais Johnson la 1965, ambalo Rais Trump alilifuta Januari 2025. Muswada wa kuupiga marufuku usiri kwa waajiri kwa jumla umeletwa bungeni tena na tena tangu 1997, umepita Baraza la Wawakilishi zaidi ya mara moja, na kila mara umefia Seneti. Kwa takwimu za serikali za mwaka 2023, mwanamke anayefanya kazi muda wote alipata senti 83 kwa kila dola ya mwanamume. Mwaka wa hukumu ya Ledbetter zilikuwa 78. Tofauti hiyo haitokani na ubaguzi wa moja kwa moja peke yake, maana aina za kazi na malezi ya watoto vimo ndani, lakini mwendo wake ni huo.

Majimbo ndiyo yaliyosogea. Colorado tangu 2021 inamlazimisha mwajiri kutaja kiwango cha mshahara kwenye tangazo la kazi. California, Washington na New York zilifuata mwaka 2023. Alabama ilipitisha sheria yake ya malipo sawa mwaka 2019, miaka 40 baada ya Ledbetter kuajiriwa Gadsden, ikiwa jimbo la pili kutoka mwisho. La mwisho lilikuwa Mississippi, mwaka 2022. Sheria ya Alabama inamzuia mwajiri kumwadhibu mwombaji kazi anayekataa kutaja mshahara wake wa zamani. Kuweka mishahara wazi kwenye tangazo la kazi, kama Colorado, haimtaki.